Maana Aliyoiruka Mwalimu Gitobu

Watu wa Kanyakine walimjua Mwalimu Gitobu kwa mambo mawili: miche ya parachichi na maneno ya Kiingereza. Miche aliiuza. Maneno aliyatoa bure, utake usitake. Ungeenda kwake kununua mche mmoja wa kupanda nyuma ya choo, ukarudi nyumbani ukijua pia kwamba neno fulani lilizaliwa Ugiriki, likalelewa Roma, likaolewa Ufaransa, na uzeeni likahamia Uingereza ili lije kutusumbua sisi kwenye mitihani.

Alikuwa amefundisha katika shule za msingi za Imenti Kusini kwa miaka thelathini na minne. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, aliandika neno moja la Kiingereza ubaoni na kulichimba na wanafunzi wake mpaka kwenye mzizi. Mkaguzi mmoja alimwambia kwamba jambo hilo halimo kwenye silabasi. Mwalimu alimjibu kwamba hata chai haimo kwenye silabasi, na mkaguzi alikuwa akinywa kikombe cha pili. Mkaguzi alicheka, akamaliza chai yake na kwenda zake.

Alipostaafu, shule ilimpa blanketi na saa ya ukutani, na yeye akaomba ubao mmoja wa zamani uliovunjika pembe. Aliutundika kwenye kitalu chake kando ya barabara, chini ya wavu wa kivuli, akaendelea na maneno yake. Mkewe, Kagwiria, alisema afadhali ubao kuliko mke wa pili, ingawa mke wa pili angalau angesaidia kumwagilia.

Kazi ya kitalu ilimfaa mtu mwenye subira. Unapanda kokwa la parachichi la kienyeji, unangoja mche ufikie unene wa penseli, kisha unaukata kichwa. Unachukua kitawi cha hass, parachichi la kigeni la kuuza nje, kutoka kwenye mti unaozaa vizuri, unakichonga ncha, unakipachika kwenye ule mkato na kuufunga utepe wa nailoni. Baada ya hapo hugusi. Wiki tatu, nne, huo mwili wa kienyeji na hicho kichwa cha kigeni vinakuwa mti mmoja, na mwaka wa tatu mwenyewe anachuma. Waingereza huiita kazi hiyo graft, na Mwalimu alikuwa ameifanya miaka mingi kabla ya kukaa chini na kuliuliza neno lenyewe limetoka wapi.

Alianza kuliuliza mwaka huu, mwezi wa Mei, na likamfurahisha kama mtoto. Kumbe lilitokana na neno la Kigiriki la kijiti cha kuandikia, yaani kalamu ya kale, kwa sababu kitawi kilichochongwa hufanana na ncha ya kalamu. Mwalimu aliposoma hivyo alikitazama kisu chake, akatazama chaki, akaona kwamba maisha yake yote alikuwa na kazi moja tu. Aliandika hiyo ubaoni kuwa maana ya kwanza. Maana ya pili aliletewa na Maxine, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ni muuguzi katika wodi ya walioungua huko Embu. Maxine alimwandikia kwenye simu kwamba wao pia wana graft: hutoa ngozi ya paja na kuipandikiza mkononi, kisha hufunga na kukataza watu kufunua. Ya tatu ilikuwa kazi ngumu ya jasho, na wenye kamusi walidhani hiyo ina mzizi wake mwingine kabisa, neno la watu wa kaskazini mwa Ulaya la kuchimba udongo kwa sepetu.

Palikuwa na maana ya nne. Ilikuja kutoka Amerika: kula rushwa, kujipatia kwa hila kutokana na imani uliyopewa na watu. Kamusi yenyewe ilikiri kwamba haina hakika maana hiyo iliota kutoka kwenye mzizi upi. Kwa mtu kama Mwalimu Gitobu, fumbo la aina hiyo lilikuwa karamu ya wiki nzima. Lakini hakuiandika ubaoni. Alifuta vumbi la chaki mikononi akaenda kumwagilia miche iliyokuwa imeshamwagiliwa.

Sababu yake ninaijua, na nitaisema mapema ili tusizungushane. Miaka sita iliyopita, mwaka ule aliostaafu, kikundi cha wakulima kilimwagiza kwa simu miche mia tatu ya hass kabla ya mvua za Machi. Mvua ya mawe ikapiga kitalu, na miche thelathini ikakauka vichwa. Angeweza kumpigia simu mwenyekiti wa kikundi na kusema ukweli, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alikuwa ametoka shuleni juzi tu, na miaka thelathini na minne hajawahi kupeleka kitu nusu. Aibu ilimshika. Akachukua miche thelathini ya kienyeji, mizuri, minene, akaikwaruza shina kwa kisu mahali pa mkato na kuifunga utepe, kana kwamba imepandikizwa. Utepe mweupe ulikuwa umemwishia. Alitumia wa buluu.

Alijiambia kwamba miche thelathini kati ya mia tatu itatawanyika, mmoja huku, mmoja kule, na kila mkulima atadhani ana mti mmoja mvivu. Hakufikiria namna lori linavyopakiwa. Miche ya utepe wa buluu ilipangwa pamoja kwenye kona moja ya lori, na yote thelathini ikashushwa kwenye shamba la mtu mmoja.

Mtu huyo alifika kitaluni Jumatano moja ya mwezi wa Juni, saa nne asubuhi, na kiroba cha viazi begani. Alikuwa mzee mrefu, amevaa koti zito la watu wa baridi na kofia ya sufu. Alikiweka chini kile kiroba, akausoma ubao kimya, midomo ikicheza.

"Mwalimu ni wewe?"

"Ni mimi. Karibu, mzee."

"Mimi naitwa Mbaka. Natoka Kiirua. Kuna avokado nilinunua kwako miaka sita imepita, kupitia kwa kikundi."

Mwalimu alimvutia kiti.

"Sasa hiyo miti imekataa," Mzee Mbaka akaendelea. "Imekuwa mikubwa, majani ni safi, lakini hata maua moja sijaona. Wenzangu wa kikundi wanauza matunda mwaka wa tatu sasa. Mimi sikukuja kulalamika, Mwalimu. Nimekuja unifundishe. Mwenye alikuwa anajua mambo ya hiyo miti ni bibi yangu, Mama Kathambi, na alituacha mwezi wa tatu."

"Pole sana, mzee."

"Ndiyo kazi ya Mungu. Peninah ndiye alipanda hiyo yote kwa mkono wake. Mimi nilichimba mashimo tu. Hata ile utepe ya buluu, yeye ndiye alikuwa anafungua moja moja, pole pole, akisema asiumize mtoto." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Ilipokosa kuzaa akaanza kusema ni mkono wake. Ati ako na mkono wa kukausha. Nikamwambia hiyo ni maneno ya zamani, sisi ni watu wa kanisa. Akakataa. Miaka mbili ya mwisho hakupanda kitu tena, Mwalimu. Hata maharagwe alikuwa anaita mwanamke wa jirani amwekee kwa udongo, yeye anasimama kando ameshika bakuli."

Mwalimu Gitobu alisikia neno lile la utepe wa buluu, na yaliyofuata aliyasikia kama mtu aliye ndani ya maji. Alijua kinachotakiwa kusemwa. Kilikuwa kifupi, kingetoshea kwenye sentensi moja, na maisha yake yote alikuwa amewasahihisha watoto sentensi. Badala yake alisema:

"Ongeza mbolea ya ng'ombe, mzee. Na subira. Udongo wa Kiirua una ubishi."

"Mbolea."

"Madebe mawili kwa kila mti. Kabla ya mvua."

Mzee Mbaka aliitikia kwa shukrani iliyomchoma Mwalimu kuliko tusi. Alisimama kuondoka, halafu, kama wafanyavyo wazee wetu wanapoagana na mtu waliyempenda, akauliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa miaka sita nyuma na ambalo simu ya mwenyekiti ililiruka: "Na wewe Mwalimu, ni wa ukoo gani?"

Gitobu akautaja ukoo wake.

Uso wa yule mzee ulifunguka. Alitaja wake, akamshika Mwalimu mabega yote mawili. "Kumbe! Kumbe wewe ni gichiaro yangu! Na tumekaa hapa kama wageni!"

Kwa asiye Mmeru, nieleze kidogo. Gichiaro si undugu wa kuzaliwa, wala si urafiki. Ni agano la kale kati ya koo mbili, lililofungwa na babu zetu kwa damu na kiapo. Mtu wa gichiaro akikuomba kitu, humnyimi. Ukimpata njiani amechoka, unambeba. Na kumdanganya ni jambo ambalo hata madalali wa ng'ombe, watu wanaoweza kukuuzia ndama kwa bei ya mama yake, hawalithubutu. Vijana hulicheka agano hilo, na hulicheka mpaka siku wanapopatwa na jambo wasiloweza kulieleza. Mwalimu Gitobu alikuwa mtu wa vitabu, mzee wa kanisa, lakini agano hilo aliliogopa kama babu zake walivyoliogopa.

"Basi nilinunua kwa mkono mwema," Mzee Mbaka akasema. "Hiyo viazi ni yako. Nilileta ya kuuza sokoni, lakini gichiaro haendi bila kupewa kitu." Akaenda zake na furaha, na maarifa ya uongo kuhusu mbolea.

Kagwiria alipika vile viazi mchana wa siku iliyofuata, pamoja na mahindi, maharagwe na majani ya maboga, akaviponda vizuri. Mumewe alivitazama tu. Alikuwa mtu wa kula sahani mbili na kusifu ya tatu, kwa hiyo Kagwiria aliweka kijiko chini.

"Leo neno la Kizungu limekukwama kooni?"

Akamwambia yote. Alianzia mbali, kwenye mvua ya mawe, akapitia hali ya hewa ya mwaka ule, akaeleza upungufu wa utepe mweupe, na Kagwiria alimsikiliza mpaka mwisho bila kubadilisha uso. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nilikuona ukiifunga."

"Uliniona?"

"Nilikuwa naanika nguo. Nilijua kupandikiza hakuendi haraka vile. Nikanyamaza, nikasema huyu mtu ametoka kustaafu, ana uchungu, asiaibishwe na mke wake. Sasa naona nilikosea pia." Alisogeza sahani. "Gitobu, mwanamke amekufa akiogopa mikono yake mwenyewe."

Mwalimu alifunika macho. Alilia, na sitaki kuipamba habari hiyo kwa maneno makubwa. Alilia kama mzee anavyolia, bila sauti nyingi na bila kitambaa. Kagwiria hakumbembeleza. Alingoja amalize.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Nenda Kiirua. Na kamusi uiache hapa, usije ukamchosha mzee wa watu."

Kabla ya kuondoka asubuhi ya Ijumaa, Mwalimu alichukua chaki akaiandika maana ya nne chini ya zile tatu, kwa mwandiko wake ule ule wa darasani. Hakuona faida tena ya kuificha. Akakata vitawi sitini vya hass kwenye mti wake bora, akavifunga kwa gazeti lenye maji, akachukua msumeno, kisu na utepe. Alikuwa na dawa ya ule ugonjwa, kwa upande wa miti angalau. Mti wa kienyeji uliokwisha kukua hauhitaji kung'olewa. Unaukata kiunoni, unauachia tawi moja liendelee kuuvutia pumzi, unapachika vitawi vipya kati ya gome na mti. Mizizi ni ile ile ya miaka sita. Ukifanya vizuri, mwaka wa pili au wa tatu unaona tunda.

Mzee Mbaka alimpokea kwa kelele ya furaha, akaita uji, akamtembeza shamba kabla hajaketi. Viazi upande huu, ngano ya jirani upande ule, na mlima umejifunika mawingu. Miti ilikuwa kwenye mistari mitatu ya kumi kumi. Chini ya kila mti palikuwa na rundo la mbolea mbichi ya ng'ombe, madebe mawili mawili, limepangwa duara kwa uangalifu. Mzee alikuwa amefanya kazi hiyo kwa siku moja, na mgongo wake ulionyesha.

Mwalimu alipiga goti kwenye mti wa kwanza, akapitisha kidole gumba kwenye shina karibu na ardhi. Mti uliopandikizwa una kovu pale, uvimbe kama kifundo cha kidole. Huu ulikuwa umenyooka kama fimbo. Hakuhitaji kupima, alijua. Lakini alipima wa pili na wa tatu, kwa kuwa mtu mwoga hupenda kupima.

"Unaona nini, gichiaro?"

Mwalimu alisimama. "Mzee, hii kazi kwa Kiingereza inaitwa graft, na hilo neno lina historia ndefu. Wagiriki wa kale..."

"Mwalimu," Mzee Mbaka akasema kwa upole. "Wagiriki ni watu wa mbali. Sema ya hapa."

Basi akasema ya hapa. "Miti hii haikupandikizwa. Ni ya kienyeji. Yangu ilikauka na mvua ya mawe, nikaona aibu kusema, nikaikwaruza hii kwa kisu na kuifunga utepe ili ionekane imepandikizwa. Ile ya buluu yote. Juzi ulipokuja nilijua, nikakudanganya tena habari ya mbolea. Sikuwa nimejua wewe ni gichiaro, lakini hiyo si sababu. Sikupaswa kumfanyia mtu yeyote. Nimekuja na msumeno, nitaitengeneza yote kwa mikono yangu, na mingine nitakuletea."

Mzee Mbaka alitembea mstari mzima wa kwanza, mpaka mwisho, akigusa kila mti kwa kiganja kama anayehesabu ng'ombe jioni, kisha akarudi. Macho yake yalikuwa mekundu. Mwalimu alisubiri laana. Alikuwa tayari hata kwa kofi, na ninaamini kofi lingemrahisishia.

"Miaka sita," mzee akasema. "Alikuwa anabeba maji ya kuosha vyombo mpaka huku. Mguu ukiuma, anabeba."

"Najua. Hapana, sijui. Nisamehe, mzee."

"Hiyo ya kusamehe tutaongea na uji." Alivuta pumzi. "Lakini sasa nakuomba kitu moja kwa jina ya gichiaro, na unajua huwezi nikatalia."

"Sema."

"Sitaki pesa. Miti utatengeneza, hiyo sijakuomba, hiyo ni lazima. Kuja hapa."

Alimwongoza kupita mstari wa tatu, kwenye uzio wa michongoma, hadi kwenye kaburi. Lilikuwa bado la udongo, limezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, na msalaba wa mbao wenye jina la Peninah na miaka yake. Maua ya plastiki yalikuwa yameanza kupauka kwa jua. Mzee Mbaka alivua kofia ya sufu.

"Mwambie."

Mwalimu Gitobu alikuwa amesimama mbele ya watu maisha yake yote. Amesimama mbele ya madarasa ya watoto sabini, mbele ya wakaguzi, kwenye mazishi na harusi, na hajawahi kukosa la kusema. Sasa alitafuta na hakuna kilichokuja, si cha Kigiriki wala cha Kirumi. Kiingereza kilimkimbia, na Kiswahili kikamfuata. Kilichobaki ni Kimeru cha mama yake, na kwa hicho akasema:

"Mama Kathambi, mimi ni Gitobu wa Kanyakine. Mkono wako ulikuwa mwema. Ulipanda vizuri. Kosa lilikuwa langu."

Upepo ulipita kwenye michongoma. Alidhani amemaliza, akainamisha kichwa. Mzee Mbaka alimgusa kiwiko, akamwelekeza kwa kidevu azunguke kaburi.

"Upande huo alikuwa mzito wa sikio," akasema. "Rudia ukiwa huku. Na upaze sauti."

Mwalimu akazunguka, akapiga magoti upande wa pili, akarudia kwa sauti.